Milioni 6 za nyumba ya Isevya: ziende wapi kabla ya kuuza?

Swali

Shikamoo mtaalamu. Mimi niko Dar es Salaam. Mama yetu alifariki mwaka jana akatuachia nyumba ya Isevya, Tabora mjini. Baba alitangulia zamani. Ni nyumba ya Kiswahili ya miaka mingi: vyumba sita, korido katikati, uani kuna jiko, bafu, choo cha shimo na mwembe mkubwa. Mdogo wetu wa kiume anaishi humo, na vyumba viwili vina wapangaji. Tuko watoto wanne na tumekubaliana kuuza. Dalali anasema bila marumaru na jipsamu hatupati bei. Kuna ufa unaopanda kutoka kona ya dirisha la chumba cha mbele, na plasta ya chini inabanduka nje na ndani. Fundi anasema vyote vinazibika kwa rangi. Tumechanga shilingi milioni 6. Tufanye nini, tuache nini, na mteja akija tumpokeeje?

Jibu

Marahaba dada yangu, na poleni kwa msiba wa mama.

Nianze na marumaru, maana hapo ndipo mchango wenu unaweza kuishia wote. Msiweke. Jipsamu nayo msiweke. Kwenye nyumba mpya ya pembezoni mwa mji ningesema mengine, lakini nyumba kuukuu ya mjini Tabora ina wanunuzi wa aina tatu, na wawili kati yao hawatailipia sakafu yenu hata senti.

Yupo anayetaka kiwanja. Huyu akifika hata hakai. Anapima upana wa mbele kwa hatua, anaangalia kama gari la mchanga linaingia, na wakati mdogo wako anamfungulia chumba, yeye kichwani anapanga fremu za maduka. Marumaru zenu atazibomoa. Yupo anayetaka vyumba vya kupangisha: wanafunzi wa Chuo cha Uhazili, watumishi wapya, vijana wanaofuata kazi za reli. Huyu anauliza vyumba vingapi vina watu, kodi inaingia kiasi gani, mita za umeme ni ngapi, choo kina hali gani. Wa tatu ni mwenye familia, pengine mstaafu aliyepata kiinua mgongo, au mkulima wa tumbaku wa Urambo au Kaliua anayetafuta nyumba mjini ili watoto wasome. Huyo ndiye angefurahia sakafu inayong'aa, ila naye angependa kuichagua mwenyewe, na rangi mliyoichagua ninyi atasema siyo.

Lakini wote watatu huja na swali moja ambalo hawalitamki: nyumba hii inanificha nini? Mtu akiona ufa na hajui umetoka wapi, hapigi hesabu ya kuuziba. Anapiga hesabu ya ukuta mzima, anajumlisha msingi, kisha anakata yote kwenye bei yenu, na dalali anamuunga mkono kwa sababu anataka biashara iishe. Kwa hiyo kazi ya milioni 6 zenu ni kumtoa mnunuzi wasiwasi. Kitu kinachopendeza tu, bila kumtoa wasiwasi wowote, kirukeni. Na huyo fundi aliyesema rangi itaziba yote anataka kazi ya rangi.

Twende kwenye ufa wenyewe. Ufa wa kona ya dirisha unaopanda kwa mshazari una ukoo wake. Katika nyumba za umri huo, juu ya dirisha mara nyingi hakuna linta ya zege, yaani boriti fupi ya kubeba tofali za juu. Kumelazwa mbao, tofali zikajengwa juu yake. Na Tabora ni nchi ya miyombo na mchwa. Mchwa akishapanda ndani ya ukuta anaila ile mbao taratibu, tofali za juu zinabaki hazina pa kukalia, zinashuka kidogo, ukuta unachanika. Inawezekana kabisa ufa wenu na mchwa ni kesi moja.

Mdogo wako achukue bisibisi, agonge fremu ya dirisha na sehemu ya juu yake kwa mpini. Mbao nzima hutoa mlio mzito. Iliyoliwa inalia tupu, na ukiichoma kwa ncha inaingia bila ubishi. Akague pia nyuma ya milango, kwenye pembe za dari na nyuma ya makabati: njia ya mchwa ni mstari mwembamba wa udongo unaopanda ukutani, unene wake kama penseli. Avunje kipande chake asubuhi. Akikuta kesho yake au keshokutwa kimezibwa upya, na udongo bado ni mbichi, wapo kazini.

Mbao ikiwa nzima, tafuteni kujua kama ukuta bado unacheza. Alama ya penseli kila mwisho wa ufa, tarehe pembeni. Kisha fundi apake ukanda mwembamba wa saruji laini kukatiza ufa, upana wa vidole vitatu, aondoke. Mkirudi baada ya wiki kadhaa mkakuta ukanda umepasuka, ufa uko hai, na hapo aitwe mhandisi kabla ya mtu kushika brashi. Ukanda ukiwa salama, ufa ni wa zamani na umetulia: uchongwe upanuke kidogo, utolewe vumbi, ulowanishwe, ujazwe. Kama linta ndiyo mgonjwa, basi ni kutega nguzo, kutoa mbao na kumwaga linta ya zege yenye nondo, inayolala angalau sentimita 20 kila upande wa dirisha. Fundi ujenzi mzuri anaiweza. Msisitizeni tu aimwagie maji kwa siku kadhaa na asitoe nguzo haraka.

Hapo pigeni picha. Dirisha likiwa wazi, mbao iliyoliwa ikiwa chini, nondo zikiwa zimefungwa, zege ikiwa imemwagwa. Picha hizo nitaziomba tena baadaye kidogo.

Plasta ya chini ni habari nyingine, na hapo ndipo wauzaji wengi wanapotupa pesa. Nyumba nyingi za aina hii ndani zimepakwa rangi ya mafuta kuanzia sakafuni hadi usawa wa kiuno ili uchafu ufutike. Kwenye ukuta mkavu ni wazo zuri. Kwa dalili ulizoeleza, wa kwenu si mkavu: nyumba za zamani zilijengwa bila kizuizi cha unyevu kwenye msingi, maji yanapanda kutoka ardhini, yakifika kwenye rangi ya mafuta yanakosa pa kutokea. Rangi inavimba, inapasuka, na ukiibandua unakuta unga mweupe wa chumvi. Mkipaka mafuta mapya juu yake itapendeza hadi mvua za kwanza. Mnunuzi mzoefu akiona mita moja ya chini inang'aa mpya na mita mbili za juu ni za zamani, anajua moja kwa moja kilichofichwa.

Tibuni maji kwanza. Kama paa halina gata, maji yanadondoka mguuni mwa ukuta na kurusha tope juu. Angalieni pia usawa wa uwanja kuizunguka nyumba: upande mmoja kufagia kila siku kumeuteremsha udongo hadi msingi umebaki nje, upande mwingine kifusi cha zamani kimepanda na kuulalia ukuta. Kifusi kitolewe. Mwageni mkanda wa zege kuzunguka nyumba, upana wa sentimita 60 hadi 90, umeinama kidogo kwenda nje, na mfereji wa kuyatoa maji bila kumpelekea jirani. Mkanda huo ukikaa vizuri, hata nyumba yenyewe inaonekana imevaa.

Ndipo plasta. Iliyolegea itolewe yote hadi pagumu. Gongeni kwa vifundo vya vidole, panapolia tupu panatoka. Kisha chokoa tofali kwa msumari. Likitoa unga laini, ni tofali la udongo mbichi, na saruji kali haikai juu yake: inakauka ngumu, udongo unacheza nyuma yake, zinaachana. Fundi apige waya wa kuku, achanganye plasta pole, saruji moja kwa mchanga sita na chokaa kidogo. Ipewe muda wa kukauka, kisha rangi ya maji kuanzia juu hadi chini. Mafuta hapana, hata akina shangazi wakisema ukuta utachafuka.

Mchwa wenyewe wanatibiwa nje. Unachimbwa mtaro mwembamba kuifuata misingi, kina cha sentimita 30 hivi, inamwagwa dawa ya mchwa iliyochanganywa kama kibandiko cha chupa kinavyoelekeza, udongo unarudishwa. Dawa inunuliwe duka la pembejeo linaloaminika, muuzaji aambiwe kama kuna kisima uani, na watoto wa wapangaji wasiwepo siku hiyo. Mtu atawaambia mpake oili chafu ya gari kwenye fremu, ni bure. Msikubali. Harufu yake haitoki ndani ya korido, na mnunuzi akiinusa anajua kwamba mchwa wapo na kwamba mliwatibu kienyeji. Rundo la kuni na mbao zilizoegemezwa ukutani uani liondolewe. Hilo ndilo daraja lao. Mtaro ukiwa wazi, picha tena.

Paa: sitawaambia mbadilishe mabati. Apande fundi akague misumari na maungio, abadilishe iliyooza, azibe matundu. Mkitaka kujua kama yanavuja na ni kiangazi, asimame mtu chini ya paa mchana saa sita na kuangalia nuru inapopenya. Madoa ya kahawia kwenye dari yasipakwe rangi kabla tundu lake halijapatikana. Kama darini kuna popo, mtajua kwa harufu na vinyesi vyeusi vidogo. Wao hutoka magharibi ikiingia. Zibeni matundu baada ya kutoka, lakini si kipindi ambacho wana watoto wasioruka, wakifia humo ndani hakuna udi utakaowasaidia.

Mwembe usikatwe. Najua mafundi wanapenda kukata, kuni hizo ni pesa. Tabora mwezi wa Septemba na Oktoba jua linachoma hasa, na uwanja wenye kivuli mnunuzi anakaa, anauliza maswali, analegea. Uwanja mtupu anaangalia saa. Punguzeni tu matawi yaliyolalia mabati na yanayojaza majani kwenye gata.

Choo na jiko sitavipitia haraka, kwa sababu ndivyo anavyokuja kuviona mke wa mnunuzi, na neno la mwisho huwa lake. Shimo kama limekaribia kujaa, iteni gari la majitaka kabla, msingoje aulize. Sakafu ya choo iliyopasuka inatisha kuliko ufa wowote wa ukutani: mtu anaona mwanawe akitumbukia. Fundi aikague kwa chini kama anaweza, na ikibidi imwagwe mpya. Wekeni sinki jipya la kuchuchumaa, mlango unaofunga kwa ndani, taa, na bomba la kutolea harufu lipande juu ya paa, wavu mdomoni. Kazi ndogo hizi nne hazina gharama kubwa, na hakuna kitu kingine kwenye nyumba yenu kitakachoirudisha pesa yake vizuri kama hizo.

Jiko lililopikiwa kuni na mkaa miaka yote lina masizi yaliyokolea. Rangi ya maji ikipakwa juu ya masizi, madoa ya manjano yanatokeza tena, hata upake mara tatu. Osheni kuta kwa maji ya moto na sabuni, pakeni kwanza mkono mmoja wa rangi ya mafuta ya msingi, ikauke kabisa, ndipo rangi ya maji. Hapa mafuta yana kazi kwa sababu unyevu hautoki chini, masizi ndiyo yanayozuiwa.

Maji na umeme viwe vinafanya kazi, basi. Maji ya Ziwa Victoria yamefika Tabora, lakini wenyeji wanaokumbuka miaka ya kutegemea mabwawa ya Igombe na Kazima bado wanauliza maji kabla salamu haijakauka. Ankara ya maji isiwe na deni, koki zisivuje. Umeme apite fundi mwenye leseni: soketi zilizoungua na nyaya zinazoning'inia koridoni zirekebishwe.

Kwa milioni 6, mgawanyo wangu ungekuwa hivi. Karibu nusu iende kwenye linta, mkanda wa zege, plasta na paa. Sehemu ya pili kwa ukubwa ni choo na jiko. Dawa ya mchwa, koki na umeme vinafuata. Rangi ya ndani, rangi moja ya kiasi, krimu au maziwa, kwa vyumba vyote, na rangi ya mbele ya nyumba. Mlango wa mbele upigwe msasa na vanishi. Wekeni laki sita pembeni msizipangie kazi. Nyumba ya zamani ukiigusa huwa na la kusema. Zikibaki, gawaneni. Risiti zote zitunzwe, tena za mashine, nitaeleza sababu.

Sasa watu. Mdogo wenu anayeishi humo ndiye atakayeiuza nyumba hii, mtake msitake. Yeye ndiye atafungua mlango, na kama moyoni hataki kuondoka, mnunuzi atapewa kiti kibovu na kusikia habari ya mafuriko ya mwaka fulani. Kaeni naye muelewane atahamia wapi, lini, na mgao wake utamfikiaje. Wapangaji vilevile. Waambieni mapema, mheshimu mikataba yao, na kama mnaweza, wapunguzieni kodi ya miezi ya matengenezo kwa usumbufu wa vumbi. Mpangaji aliyenuniwa akiulizwa na mgeni "hapa maji vipi?" anajua la kujibu. Na kumbukeni yule mnunuzi wa vyumba: kwake wapangaji wanaolipa ni sifa ya nyumba, msiwafukuze kabla hamjajua nani ananunua.

Vitu vya mama vitoeni. Najua ni vigumu. Nyumba ikijaa masanduku, vyombo na picha za arusi za familia, mgeni anajiona amevamia, anaongea kwa kunong'ona na anamaliza haraka. Vilevile chumba kitupu kabisa huonekana kidogo kuliko kilivyo. Acheni kitanda kimoja chumba cha mbele, viti na meza sebuleni, jiko liwe na sufuria zake chache. Mengine gawaneni au hifadhini kwa ndugu, na mfanye hivyo mkiwa wote wanne, isije ikazuka kesi ya kabati katikati ya kesi ya nyumba.

Mteja aje asubuhi, saa tatu hadi saa tano, au alasiri jua likishapoa. Uani pafagiliwe na kumwagiwa maji kidogo vumbi litulie. Madirisha na milango ya korido ifunguliwe mapema hewa ipite. Ubani na udi hapana, au kidogo sana: ukifukiza nyumba nzima asubuhi, mtu mzima anajiuliza mnafukuza harufu gani. Mpitisheni kwa utaratibu huu: nje kwanza, azunguke aone mkanda wa zege na mipaka, kisha vyumba, kisha jiko na choo, mwisho chini ya mwembe. Kama kiwanja kimepimwa, zitafuteni bikoni, yale mawe ya mpaka, zifukueni majani na udongo zionekane. Mnunuzi akizikanyaga bikoni nne kwa miguu yake, maswali ya mpaka yanaisha. Kama hamzioni, ulizeni ofisi ya ardhi ya manispaa kabla jirani hajawaambia mpaka wake anavyoujua yeye.

Fungueni koki mbele yake bila kuulizwa. Washeni taa za kila chumba. Mkifika dirisha la mbele mwambieni wenyewe: hapa palikuwa na ufa, mbao ililiwa, tumeweka linta, picha hizi. Ndiyo kazi ya zile picha. Mteja aliyeoneshwa tatizo lililotibiwa hutulia kuliko aliyeoneshwa ukuta laini usio na historia, na jirani akija kumnong'oneza "ile nyumba ilikuwa na ufa", atakuwa ameshachelewa.

Picha za kuwatumia watu wa mbali kwa WhatsApp zipigwe simu ikiwa imelala, mchana, kutoka kona ya chumba, kioo cha kamera kimefutwa. Ipigwe pia picha ya barabara inayoingia, na ya choo kipya. Msiongeze mwanga hadi krimu ionekane nyeupe. Mtu atasafiri kwa treni kutoka mbali kuja kuona nyumba nyingine.

Juu ya meza ya sebuleni liwe jalada la nyumba. Hapa niseme wazi: makubaliano yenu wanne, hata yakiwa na muhtasari wa kikao cha ukoo, hayatoshi kuuza. Lazima mahakama imteue msimamizi wa mirathi, na yeye ndiye mwenye mamlaka ya kusaini. Kama hamjafungua shauri, fungueni leo, matengenezo yaendelee huku shauri likiendelea. Nyumba ikiwa na hati kwa jina la mama, jina la msimamizi lisajiliwe kwanza kwenye hati ndipo uhamisho kwa mnunuzi ufuate. Jalada liwe na barua ya usimamizi, nakala ya hati au barua ya toleo, stakabadhi za pango la ardhi zisizo na deni, ankara ya maji, na namba ya mita ya LUKU. Kodi ya majengo imekuwa ikikatwa kupitia LUKU tangu 2021, hivyo mnunuzi atataka kujua mita ipi inakatwa. Weka na zile picha na risiti. Mteja makini akisoma jalada hilo kwa dakika kumi, nusu ya kazi ya dalali imekwisha.

Risiti zina kazi ya pili. Mkiuza, TRA hutoza kodi kwenye faida, asilimia 10 kwa mkazi, na gharama za kuiboresha nyumba zenye ushahidi huingia kwenye hesabu ya kupunguza faida hiyo. Ipo nafuu ya kisheria kwa nyumba ya kuishi iliyomilikiwa na kukaliwa kwa miaka mitatu au zaidi, faida isipozidi shilingi milioni 15, lakini ya kwenu ni ya mirathi, kwa hiyo msimamizi apite ofisi ya TRA kuuliza kabla ya kusaini, asije kuuliza pesa zikishagawanywa. Ushuru wa stempu, asilimia 1, kwa desturi hubebwa na mnunuzi. Muandike hivyo kwenye mkataba.

Wakati gani? Mvua za Tabora huanza Novemba na kuisha Aprili au mwanzoni mwa Mei. Kazi za zege na plasta zifanyike mvua zikikatika, nyumba ioneshwe Julai hadi Septemba. Kipindi hicho pesa ya tumbaku iko mikononi, na watumishi waliohamishwa wanatafuta pa kukaa. Watu watawaambia mngoje reli ya kisasa ikamilike bei ipande. Siwezi kuwazuia kutumaini, ila nyumba inayongoja bila mwenyewe inaliwa.

Bei ikadiriwe na mthamini aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wathamini, mjue kiwanja kina thamani gani peke yake na jengo linaongeza nini. Mkipata tarakimu hizo mbili mtajua mnazungumza na mnunuzi yupi. Kubaliana ninyi wanne bei ya chini kabisa, iandikwe, na msemaji awe mmoja, msimamizi. Dalali mmoja au wawili wanatosha, kwa maandishi, asilimia yao ikiwa imetajwa, na mwiko wa kuweka cha juu. Nyumba ikitangazwa na madalali watano kwa bei tano, mnunuzi anadhani mna dhiki na anangoja ishuke.

Mteja akitaka kurudi na fundi wake, mwacheni arudi. Fundi atapanda darini, atagonga fremu, ataomba ufunguo wa chumba cha mpangaji. Mkubaliane na mpangaji siku na saa. Akigundua kitu ambacho hamkukijua, msibishane naye pale ukutani. Mwombeni makadirio yake kwa maandishi, yalinganisheni na ya fundi wenu, kisha mjadiliane juu ya gharama hiyo peke yake bila kuifungua bei upya.